Mstari wa Haradali Uliong'olewa

Siku kikundi kilipokuja kupalilia bustani ya shule walikuwepo watu hawa. Ninawataja mmoja mmoja kwa sababu siku hizi kuna wanaosimulia habari ile kama walikuwepo na hawakuwepo. Alikuwepo Rebecca, mke wa Mzee Koech, na huyo Mzee Koech ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwepo Grace Wanjiku, wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu. Alikuwepo Hannah mwenye duka la chakula cha mifugo pale stejini pa magari, na mama mkwe wake, Tabutany, ambaye hakushika jembe kwa sababu ya goti lakini aliimba tangu asubuhi mpaka chai. Alikuwepo Priscilla, ambaye mimi ndiye nilimsimamia harusi yake. Wote hao ni wa kikundi cha akina mama cha kanisa letu. Chepkorir, msaidizi wangu wa kazi, hakuwepo, alikuwa amempeleka mtoto wake kliniki. Na mimi Njoki nilikuwepo, lakini nilikuwa jikoni. Hilo la jikoni liwekeni akilini.

Sasa, nyinyi vijana. Mmeniomba niwaandikie mimea gani inapandwa na gani ili wadudu wasile mboga na mtu asinunue dawa. Mnanipigia simu mimi bibi yenu, "Sasa Shosho, sukuma wiki nipande na nini?" Nawajibu vitunguu na dania, ile giligilani, mnasema asante, mnakata. Baada ya mwezi mnapiga tena, "Shosho, hiyo kitu yako imekataa." Haijakataa. Ni nyinyi mmepanda majina, hamjapanda bustani. Kwa hivyo kaeni chini niwaeleze polepole. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwenye bustani nilikaa mpaka mgongo ukapinda.

Kazi yangu ilikuwa kulima mboga za jikoni katika shule ya bweni ya wasichana, huku juu upande wa Mau Narok, ambako asubuhi unashika maji ya mfereji na vidole vinaacha kukusikia. Ukisimama kwenye geti unaona ngano upande mmoja na viazi upande mwingine, mpaka macho yachoke. Katikati ya hayo yote kuna bustani yetu, kipande tu, kimeinama kidogo kuelekea kwenye tangi la maji. Kabeji, sukuma wiki, vitunguu, karoti, dania. Wasichana walikula kutoka hapo kila siku. Siyo soko, ni sahani. Mpishi wetu, Mama Selina, alikuwa anakuja na karai saa ya kuchuma na kusema, "Njoki, nipe za leo," na mimi nampa za leo. Hakuna mahali pa kusema ngoja kwanza dawa iishe makali.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Barnaba Mutai, aliyekuwa na hiyo kazi kabla yangu. Ujanani alikuwa amelima pareto huko Olenguruone, na mikono yake ilibaki na ukavu wa yale maua. Alikuwa mtu wa maneno machache na machache yenyewe yalikuwa ya ukali. Siku yangu ya kwanza niliona majani ya kabeji yametobolewa, nikamkimbilia, "Mzee, kuna wadudu!" Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa mvua ina maji.

"Wapi?"

"Hapa, kwa hii majani."

"Hayo ni mashimo. Nimeuliza wadudu. Geuza jani."

Nikageuza. Chini yake kulikuwa na kadudu ka kijani, kembamba, kakaanguka na kuning'inia kwa uzi. Pembeni yake vidukari, wale wa kijivu kama mtu amemwaga unga wa ugali, wamekaa pamoja wakinyonya. Mzee Barnaba akasema, "Sasa umeona. Kila asubuhi, kabla hujashika jembe, geuza jani." Akarudi kukaa juu ya ndoo yake aliyoipindua. Huo ndio ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wote wa masomo. Nikimuuliza kitu, geuza jani. Nikimsalimia, nusura aniambie nigeuze jani.

Haradali pia ni yeye aliyenionyesha. Ile mboga ya majani makali puani, yenye maua ya njano, wengine hapa wanaijua kama gugu la kwenye ngano. Alikuwa anaipanda mstari mmoja kando ya kitalu cha kabeji, wiki mbili hivi kabla ya kuhamisha miche, ili kabeji ikifika ikute haradali tayari imesimama. Nondo anayetaga yale mayai ya viwavi anapenda haradali kuliko kabeji. Vidukari pia. Wanakaa pale, wanakula pale, wanazaa pale. Na wewe kila asubuhi unapita pale pale, unawakuta wote mahali pamoja, unakata majani yaliyojaa, unatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Badala ya kuwinda shamba zima unawinda mstari mmoja.

Kuna msichana wa kidato cha kwanza, Cynthia, alikuja siku moja akasimama hapo mkono kiunoni. "Lakini Shosho, kwa nini unawapandia wadudu mboga yao? Si watazoea?"

"Wewe ukishuka Nakuru mjini, ukasikia harufu ya viazi vya chipo, unapita?"

"Aki siwezi."

"Basi hiyo haradali ndiyo chipo yao. Kabeji ni githeri ya shule, mahindi na maharagwe ya kila siku."

Alicheka mpaka akashika mti. Tangu siku hiyo wasichana wote wakaita ule mstari "chipo". "Shosho, leo chipo imejaa wateja!" Na mimi nachukua ndoo.

Lakini msifikiri ni mstari tu. Dania unaiacha nyingine itoe maua, usiwe na tamaa ya kuchuma yote. Maua yake madogo meupe ndiyo yanaita wale wadudu wanaokula wadudu. Kale kekundu kenye mgongo wa duara na madoa meusi mnakajua, mnakaweka mkononi mnakaimbia. Mtoto wake hamumjui, na hapo ndipo mnaharibu. Mtoto wake hafanani na mama hata kidogo. Ni mweusi, mrefu, ana madoa ya rangi ya chungwa na miiba, kama mamba aliyepungua akawa wa kukaa juu ya kucha. Wasichana wa klabu ya kilimo walinijia wakati fulani na mkebe, wanameremeta kwa furaha. "Shosho, tumewamaliza! Walikuwa wabaya kweli!" Nikafungua mkebe. Ni watoto wa kale kekundu, wote. Jeshi langu zima, ndani ya mkebe wa majani ya chai. Sikuwagombeza. Nilikaa kwenye ndoo ya Mzee Barnaba nikacheka kwa uchungu, halafu nikawaambia tuwarudishe walio hai, mmoja mmoja, na majani ya nyasi, kama kubeba wagonjwa. Walibeba.

Vitunguu mnapanda kati ya mistari ya sukuma na kando ya karoti, harufu yao inawachanganya nzi wa karoti. Maharagwe msiyaweke na vitunguu, havielewani, maharagwe yanadumaa. Mimi nilijaribu mara moja nikaambulia majani. Na ule mmea tunaoita mubangi, wenye harufu inayokaa kwa sketi siku nzima, ule usiutupe wote, uache pembezoni. Mahali udongo una minyoo ya kufanya mizizi ivimbe, uache umee msimu mzima kabla ya kupanda nyanya au karoti, halafu uulimie ndani kabla haujatoa mbegu, la sivyo utakuwa mpangaji wako wa maisha.

Pareto je? Kila mtu kwa sababu tuko huku anafikiri ukipanda tu pareto kando ya kabeji wadudu wanakimbia. Nguvu ya pareto iko kwenye ua lililokauka na kusagwa. Ukilisaga ukanyunyiza, linaua. Lakini linaua na kale kekundu pia, haliulizi kabila. Kwa hivyo mimi nililiweka mbali, kama mtu anavyoweka panga juu ya dari.

Haya. Sasa turudi kwa wale akina mama.

Mwaka wangu wa mwisho kazini kulikuja mtu anaitwa Bwana Ndegwa, mkulima wa viazi, mtu wa heshima, sisemi vibaya juu yake. Alikuwa anatafuta mashamba ya kukodi na akaona bustani yetu inapakana na shamba lake. Akaandikia kamati. Kamati ikaanza kusema: huyu mama anastaafu, bustani itabaki na nani, si bora tukodishe, mboga tutanunua sokoni. Mwalimu mkuu, Madam Chebet, aliniita ofisini akanieleza wazi, hakunificha. Mwisho wa muhula kamati itakuja kuona bustani kwa macho. Ikiwa nzuri, inabaki, na Chepkorir anachukua nafasi yangu. Ikiwa mbaya, viazi.

Chepkorir alikuwa msichana wa pale chini, amezaa mapema, mtoto wake alikuwa bado ananyonya. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe na alikuwa ameshika kuliko mimi. Nilipomwambia habari ya kamati aliendelea kumwagilia vitunguu, hakuinua kichwa. Halafu akasema, "Shosho, mimi sina shamba lingine." Hilo tu. Mimi nikaamua hapo hapo kwamba siondoki kwenye ile kazi nikiacha viazi nyuma yangu.

Bustani ilikuwa nzuri. Kabeji zilikuwa zimeanza kufunga. Haradali ilikuwa imejaa vidukari vizuri kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Kilichotusumbua ni magugu, maana mvua ilikuwa imezidi na sisi ni wawili. Nikaenda kwa kikundi nikaomba mkono. Huku kwetu mnajua, ukiomba mkono wanakuja, na siku yao nawe utaenda. Na mnajua pia desturi: ukiitiwa kupalilia shamba la mtu, unalisafisha mpaka udongo uonekane kama umefagiwa. Kuacha hata gugu moja ni kumtukana. Na mwenye shamba hasimami juu ya waliokuja kumsaidia, akifanya hivyo ni kama anawasimamia vibarua. Mwenye shamba anakaa jikoni, anapika, na anawaita chai ikiiva.

Kwa hivyo nilikuwa jikoni na Mama Selina, tunaponda mukimo wa viazi na mahindi. Nilisikia Tabutany akiimba na wengine wakimwitikia, na majembe yakilia kwenye mawe. Nilifurahi. Nilipowaita walikuwa wamefika kwenye njia ya maji, katikati ya bustani. Walikula, wakanywa chai, wakataniana. Grace alimwambia Priscilla kwamba anashika jembe kama mtu anayeogopa kuliamsha. Kabla hawajarudi mvua ikashuka, ile ya huku, ya ghafla na baridi. Rebecca akanikumbatia. "Njoki, vile vitalu vya chini mtatusamehe, lakini juu hutapata gugu hata la dawa."

Mvua ilipoisha nikashuka kuangalia. Juu palikuwa pasafi kama meza ya mwalimu. Haradali haikuwepo. Mubangi haukuwepo. Dania iliyotoa maua haikuwepo, walidhani imezeeka. Wala hayo siyo mabaya zaidi. Mnajua mtu akipalilia anafanya nini na magugu. Anayatandaza katikati ya mistari yakauke, yafunike udongo. Na hivyo ndivyo walifanya, kwa upendo kabisa. Haradali yote, na vidukari vyake vyote na viwavi vyake vyote, ilikuwa imelazwa chini ya kabeji, jani kwa jani, kama ngazi waliyowekewa wadudu.

Nikageuza jani la kabeji ya kwanza. Walikuwa wameshaanza kupanda.

Chepkorir alirudi kutoka kliniki akanikuta nimeinama nakusanya ile haradali. Nikamweleza. Akamfunga mtoto mgongoni vizuri zaidi akaingia kwenye mstari wa pili bila kuuliza. Tuliibeba kwenye karai, tukaifunika na gunia ili wasianguke njiani, tukaizamisha kwenye pipa la maji ya sabuni. Lakini waliokuwa wameshashuka walikuwa wameshashuka. Wiki iliyofuata kabeji za juu zilikuwa na kijivu ndani ya moyo, na majani ya nje yalianza kuwa kichungi.

Hapo ndipo tulikosana. Chepkorir alikuja asubuhi akasimama mbele yangu. "Shosho, Ndegwa ana pampu ya mgongoni. Nimemuuliza, atatupa na dawa. Tunapiga leo, wanakufa kesho, kamati inakuja inakuta safi."

"Na Mama Selina atapika nini kesho?"

"Tutamwambia anunue mboga sokoni kwa wiki mbili tu."

"Na kale kekundu?"

"Shosho!" Sauti ilimpanda. "Wewe unaenda kupumzika nyumbani kwako. Ni mimi nabaki hapa. Si kadudu, ni mimi!"

Alikuwa na haki ya kuniambia hivyo, na nikamwambia ana haki. Halafu nikamwambia hivi: ukipiga dawa, unawaua wanaokula na wanaoliwa. Wanaoliwa wanazaa haraka, watarudi kabla ya wanaokula. Siku ya kamati utakuwa na vidukari vingi kuliko leo na hutakuwa na mtu wa kukusaidia. Na hata ukiwadanganya kamati siku hiyo, watakuwa wamekupa bustani ya pampu, siyo hii. Pampu hiyo ni ya Ndegwa. Bustani ya pampu ni ya mwenye pampu.

Mtoto akalia, akamnyonyesha akiwa amekaa kwenye ile ndoo. Alipomaliza akasema, "Basi niambie tunaanza wapi. Na usiniambie nigeuze jani."

"Geuza jani," nikamwambia.

Alijaribu kukasirika akashindwa.

Tulifanya kazi, vijana, siwadanganyi. Vitalu vya chini, vile vya karibu na tangi ambavyo mvua iliviokoa, vilikuwa bado na haradali yao. Tuliipunguza, tukang'oa miche michanga iliyokuwa imebanana, tukaihamishia juu pamoja na udongo wake ili isishtuke. Tukapanda na mbegu mpya katikati. Tukachukua dania yenye maua kutoka chini, na mizizi, tukaipeleka juu. Wasichana wa klabu wakaja baada ya masomo, na safari hii walijua mtoto wa kale kekundu ni yupi. Waliwabeba kutoka chini kwenda juu na nyasi, wakiwaita "mamba" kwa heshima. Cynthia aliyekuwa akicheka habari ya chipo sasa ndiye alikuwa anawapigia wenzake kelele, "Wewe, usikanyage huyo, huyo ni wetu!" Kabeji zilizojaa sana tulipangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya kipande, jani kwa jani, halafu tukasuuza na maji safi. Zile ambazo moyo umeshaoza tuling'oa tukawapa ng'ombe wa shule. Tuliposhindwa tulianza tena asubuhi.

Kikundi sikukiambia. Rebecca alinikuta kanisani akauliza, "Kabeji zinaendeleaje?" Nikasema zinaendelea. Watu wameacha mashamba yao wakaja kukusaidia, huwezi kuwarudishia lawama.

Siku ya kamati ikafika. Walikuja Mzee Koech, Madam Chebet, wazazi wengine wa kamati, na Bwana Ndegwa aliyealikwa aone. Rebecca na Hannah walikuwa wameitwa kuandaa chai, wakashuka nao bustanini kwa sababu walijivunia kupalilia kwao. Mzee Koech alisimama kwenye vitalu vya juu. Kabeji kadhaa zilikuwa zimefunga vizuri. Nyingine zilikuwa na mapengo, na nyingine majani ya nje yalikuwa wavu mtupu. Akaangalia kwa muda.

"Mama Njoki," akasema, "nilisikia hii bustani haina wadudu."

"Ina wadudu," nikasema. "Haijawahi kukosa."

Kamati wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Sasa hii ya juu imekuwaje?"

Nilimwona Chepkorir akiniangalia. Alikuwa ameshika mkono wa mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akajipindapinda autoe. Ningesema neno moja tu, jina moja, na bustani ingepona. Na mwenye jina alikuwa amesimama hapo na birika la chai mkononi, mbele ya mume wake na wakubwa wa shule. Nikasema, "Mzee, hapa juu mstari wa haradali ulitoka. Twende chini uone mahali ambapo haukutoka."

"Ulitokaje?"

"Ulitoka."

Tukashuka. Chini kabeji zilikuwa zimefunga kama ngumi, na kando yake haradali imeliwa mpaka inasikitisha, imejaa vidukari, na juu ya vidukari vile kale kekundu na watoto wake wanakula bila kuinua kichwa. Bwana Ndegwa alichuchumaa hapo akasahau watu. Mzee Koech akaangalia juu, akaangalia chini.

"Udongo ni mmoja?" akauliza.

"Mmoja."

"Mbegu?"

"Siku moja, mkono mmoja," Chepkorir akajibu kabla yangu.

"Basi nani alitoa huo mstari wa juu?"

Nikainama nikachuma jani la haradali. Ndipo niliposikia birika likiwekwa chini kwenye mawe.

"Baba Kiprono, wacha kumsumbua Njoki," Rebecca akamwambia mumewe. "Ni sisi. Ni mimi ndiye nilianza. Niliona gugu limejaa wadudu, nikasema hii ni aibu kwa rafiki yangu, nikang'oa. Na wenzangu wakafuata."

Mzee Koech akamgeukia polepole. "Kwa hivyo hata ile minti yangu ya chai, pale nyuma ya nyumba..."

"Hiyo nilidhani ni nyasi."

"Na ile rozimari?"

"Hiyo ilikuwa imekauka."

"Haikuwa imekauka, Rebecca. Hivyo ndivyo inakaa!"

Hapo hata Madam Chebet alishindwa, akageuka upande akishika mdomo. Hannah alikaa chini kabisa kwa kicheko. Rebecca mwenyewe alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na akanijia akanishika mkono. "Mbona hukuniambia? Wiki zote hizo!"

"Ulikuja kunisaidia," nikamwambia.

"Ningekuja tena kukusaidia kuirudisha!"

Na ni kweli, angekuja. Hilo nililikosa, na ninawaambia nyinyi msilikose: ukipanda kitu ambacho macho ya wengine yanaona ni gugu, kiseme. Kitangaze. Mmea wa kukusaidia unafanana na uchafu, ndiyo kazi yake.

Mzee Koech alimaliza kucheka, akapangusa macho, akainama mwenyewe kwenye kabeji ya chini, goti la suti yake likigusa udongo. Hakuniuliza tena lolote. Aligeuza jani. Akaangalia chini yake, akageuza la pili, la tatu. Halafu akasimama akamwambia Ndegwa, "Boss, utatusamehe. Tafuta kwingine." Ndegwa hakukasirika. Alikuwa bado amechuchumaa. Alimwuliza Chepkorir kama anaweza kumpa mbegu kidogo za hiyo haradali ajaribu kando ya kabeji za nyumbani kwake, na Chepkorir akamwambia atampa, lakini kwanza alete samadi. Nikajua msichana wangu ameshakuwa mwenye bustani.

Mimi nilistaafu muhula huo. Chepkorir bado yuko pale, na mtoto wake sasa anakimbia kati ya vitunguu. Kikundi bado kinakuja kupalilia, na sasa Rebecca anakuja asubuhi na mapema kabla ya wengine, na leso yake ya zamani aliyoichana vipande. Anafunga kipande cheusi na chekundu kwenye kila kijiti cha mstari wa haradali, wa dania, wa mubangi. Mahali pana kitambaa, jembe halipiti. Na mwenye shamba siku hizi hakai jikoni. Tumekubaliana kwamba kusimama pamoja siyo kusimamia. Chai inapikwa na Tabutany, kwa sababu ya goti, na anaimbia huko huko.

Kwa hivyo ukirudi kwenye kipande chako, hata kama ni magunia kwenye veranda huko mjini, anza na huo mstari mmoja wa kuliwa. Uache uliwe. Usiuonee huruma na usiuonee aibu. Na ukiona umeharibika, usikimbilie pampu kabla hujainama.

Sasa niambieni, nyinyi mliokuwepo au ambao mama zenu walikuwepo. Nadhani sikumwacha mtu. Lakini Priscilla ananiambia kwamba Grace hakufika asubuhi, alifika chai ikiwa mezani, na Grace anakataa kabisa. Mimi namkumbuka na jembe, lakini labda ni siku nyingine. Na huenda ilikuwa Hannah, siyo Rebecca, aliyetandaza ile haradali chini ya kabeji, maana Rebecca alisema alianza kung'oa, hakusema alitandaza. Kama nimekosea jina, njooni mnirekebishe, nyumba yangu ni ile ya mabati ya kijani ukipita kanisa. Nitawapa chai. Na kama mnasema nimekosea juu ya haradali, njooni pia, lakini hapo tutaongea tukiwa tumeinama.